Herufi za Harusi

Sokoni Kabungu, karatasi yangu ilikuwa bado imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, haijachanika hata pembe.

Mwandiko wake niliuchagua mwenyewe, steshenari Mpanda mjini. Fundi alitaka kuweka herufi nene za kawaida, nikakataa. Nilitaka zile zenye mikia, zinazotambaa kama mashina ya maboga, kwa sababu ndizo watu husimama kuzitazama. Picha nayo ilikuwa nzuri: Glory wangu wa miaka sita, gauni jeupe la Krismasi, ameshika maua.

Siku nne simu haikuita.

Nikamuuliza mama muuza dagaa aliyekaa jirani na nguzo kama kuna mtu aliyeisoma.

"Hiyo kadi ya harusi?" alisema huku akipima dagaa kwa kopo. "Tuliona namba ya simu, tukajua ni michango. Nyie wa mjini mmezidi."

Nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Mkia wake ulizunguka mara tatu, ukapita juu ya neno zima, ukaenda kujifunga kwenye herufi ya mwisho. Nikamsomea polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"A-na-ta-fu-twa."

Kopo lake likabaki hewani.

"Huyu si mtoto wenu wa kushika maua?"

"Ni mwanangu. Amepotea."

Akaitazama picha, kisha akanitazama mimi.

"Mama, jana alikuja hapa analia, anauliza njia ya Mpanda. Nikamwambia akakae kule barabarani, gari la harusi litampitia."