Ripoti ya Kisiki

"Usikikalie!" Mwalimu Mkuu alifoka, na Kibogoyo akanyanyuka upesi kutoka kwenye kisiki. "Hicho ni ushahidi."

Hapo ndipo Bingwa, aliyeitwa kukikagua, alipoingia getini mwa shule, kofia mkononi, uso ameukunja kitaalamu. Mji mzima haukuwa na mtu mwingine wa kunoa misumeno ya injini kama yeye, na alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Hata jina la Kibogoyo ni yeye aliyelibandika, maana kila mnyororo uliopita mikononi mwa fundi yule ulitoka bila jino la maana. Bahati mbaya, baadaye Kibogoyo alimwoa dada yake Bingwa, na jina likaingia kwenye ukoo.

"Vipi tumbo, Fundi?" Mwalimu aliuliza. "Tulikukosa harusini."

"Limetulia, Mwalimu, nashukuru."

Kesi yenyewe haikuwa ngumu. Jumamosi mchana, watu wote wakiwa harusini, mtu aliingia uwanjani akauangusha mti wa kivuli, mti pekee waliokuwa nao wanafunzi mia nne. Kamati ya shule ilishaamua kwamba aliyeukata atanyang'anywa msumeno na hataigusa tena kazi hiyo. Kibogoyo alionekana akitoka harusini saa nane. Alisema alikwenda kulala, lakini usingizi hauna shahidi.

Asubuhi hiyo dada yake Bingwa alikuwa amepiga simu. "Kaka, mume wangu akinyang'anywa msumeno, nahamia kwako na watoto wote watano. Na yeye namleta."

"Angalau wewe umefaidika," Mwalimu alisema, akiangalia ng'ambo ya barabara. "Bango la kibanda chako sasa nalisoma nikiwa ofisini."

"Kila jambo lina heri yake," Bingwa alijibu kwa unyenyekevu.

Mwalimu alimpa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. "Tumekikuta kwenye mfuko wa Kibogoyo. Ni nini?"

"Tupa ya mviringo, ya kunolea meno ya mnyororo."

"Inafaa kwa msumeno wake?"

Bingwa alishusha pumzi. Aliuvuta mnyororo wa msumeno wa Kibogoyo, uliokuwa umelazwa kwenye nyasi, akaonyesha namba iliyochongwa pembeni. "Namba hii ndiyo inayokuambia uchague tupa gani. Ukiilaza kwenye jino, sehemu ndogo tu ichungulie juu, moja ya tano hivi. Sasa ona hii. Imekaa kama mtu mnene kwenye kiti cha chekechea. Jino linakuwa butu, haling'ati. Msumeno unasaga badala ya kukata."

"Nene inadumu," Kibogoyo alinong'ona.

"Hata ujinga unadumu, shemeji."

Mwalimu aliridhika. "Basi tumemaliza." Akakigusa kisiki kwa ncha ya kiatu. "Mtu anayekata hivi ni mtu wa tupa nene."

"Anayekata hivi vipi?"

"Hivi. Kama umetafunwa na mbuzi."

Bingwa alikitazama kisiki. Kilikuwa laini kiasi cha kuandaliwa chakula juu yake.

"Samahani, Mwalimu. Wewe unafundisha somo gani?"

"Hesabu."

"Ahaa."

"Na mkato umepinda."

"Haujapinda."

"Nauona umepinda, Fundi."

Bingwa alichota vibanzi kutoka kwenye nyasi. "Ona vilivyo virefu. Tupa mbaya inatoa vumbi, haitoi vibanzi kama hivi."

Macho ya Kibogoyo yaling'aa. "Msikilize shemeji yangu, Mwalimu!"

"Nimemsikiliza. Amesema tupa yako ni mbaya."

Bingwa akaviachia vibanzi vianguke. Mwalimu alikuwa ameshatoa karatasi, anaandika huku akisoma kwa sauti kama anayetoa imla.

"Mti umekatwa na mtu asiyejua kazi, aliyetumia tupa isiyofaa. Mkato umepinda na unatia aibu." Akamnyooshea kalamu. "Tia sahihi hapa chini, kama mtaalamu. Kamati inasubiri, na mtu huyu leo atakiona cha mtema kuni."

Kibogoyo alikuwa analengwalengwa na machozi. "Tia tu, shemeji. Ila mwambie dada yako nilikuwa nimelala."

Bingwa aliishika kalamu. Sahihi moja tu, na mambo yangekwisha. Alimhurumia shemeji yake, kusema kweli alimhurumia sana, lakini huruma hiyo aliweza kuivumilia. Hata watoto watano angewavumilia, wangelala sebuleni. Akaiinamia karatasi, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Kisha macho yakapanda mistari miwili juu, yakasoma tena.

Akafuta "isiyofaa". Akafuta "asiyejua kazi". Alipofika kwenye "unatia aibu" alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika.

"Andika upya, Mwalimu," alisema kwa hasira. "Tupa ya milimita nne nukta nane, mpya kabisa. Kila jino la msumeno wangu mara tano, kushoto na kulia sawasawa. Nilihesabu mwenyewe."