Mtihani wa Komredi

"Wataje maadui wa mkulima," alisema Mzee Apolinari, babu yake Vaileth, na Benson akajiweka sawa kitini.

Posa ya kwanza ya Vaileth ilikwamia hapohapo. Kijana wa watu alijibu kwamba ni ngedere na nguruwe pori. Wa pili alisikia tu kuna maswali, akaaga. Vaileth alishamwonya Benson: kwa bibi na babu waliomlea, hapo Mbezi Beach, hakuna posa inayopita bila Komredi kuridhika. Umri nao unakwenda, na Benson anampenda kufa.

Komredi hakuwa mtu wa mchezo. Enzi zake chamani, elimu na utamaduni vyote vilipita mikononi mwake. Aliifuta hadithi ya sungura kwenye vitabu vya shule kwa kuwa sungura alijilimbikizia karoti. Alizuia wimbo mmoja wa mapenzi redioni mpaka mpenzi anayeimbwa akapewa jembe. Benson alikisaka kitabu chake cha siasa kwa wauza vitabu chakavu, akakipata kikiwa hakina jalada, akakikariri mpaka akawa anakiota.

"Mabepari, makabaila na mabeberu," alijibu sasa, akashusha sura nzima bila kuhema. Mjomba wake Fredrick, aliyekuja kama mshenga, alikenua meno yote. Mzee akatupa jicho kwa bibi aliyekuwa akimimina chai, kisha akauliza jingine. Nalo likajibiwa, na linalofuata.

Hatimaye bibi akaweka chupa ya chai mezani, akavuta kiti, akaketi. Akamuuliza Benson kama yeye binafsi haoni kasoro yoyote kwenye kitabu kile.

Benson alifurahi moyoni. Hapa ndipo pa kuonyesha kwamba anaijua heshima ya mkubwa, wala hawezi kumkosoa mbele ya mkewe.

"Bibi, shikamoo tena," alisema kwa adabu zote. "Haya mambo mazito, yatakuchosha bure. Tuachie sie wanaume tumalizane na Komredi."

Bibi aliinuka. Akachukua chupa yake, akatoka nayo, na vikombe ambavyo havijanywewa akavibeba. Mlangoni, Vaileth alijishika kichwa.

Mzee Apolinari alimsogelea Benson, akamwekea mkono begani kwa huruma.

"Mjukuu wangu," alisema, "mie nilikuwaga dereva wa Komredi tu."