Mwajabu Kamchagua Fundi Friji

"Mama, muache Mwajabu! Kampenda fundi friji, basi!" Dada Nasra alikuwa kashapanda juu ya kochi.

"Siwezi kunyamaza! Daktari kamsubiri msimu mzima, yeye anakimbilia kwa Lusajo mwenye suruali moja!"

"Mbona daktari alivyokuwa na wanawake wawili hukupiga kelele?"

"Yule mwanaume, wewe!"

Mwajabu mwenyewe alikuwa anatusikia kutoka kwenye skrini ukutani, maana siku hizi wahusika wa tamthilia wanaishi humo na wanasikia kila kitu. Alikuwa anamenya vitunguu huku anacheka. "Mama Nasra jamani, Lusajo ananichekesha. Unataka nimpikie mtu ambaye sicheki naye?"

Tunampenda sana, bwana. Mama anamuaga usiku kabla hajaniaga mimi.

Lakini kura zilikuwa zinafungwa saa hiyo hiyo. Watazamaji wengi wakimkataa mwanaume ambaye Mwajabu kamchagua, Mwajabu anasahaulishwa kwamba aliwahi kumjua.

"Nakutakia mema, mwanangu," Mama akamwambia, akabonyeza kitufe cha kumkataa Lusajo. Matokeo yakatoka pale pale: wengi walikuwa upande wa Mama.

Mwajabu akaacha kumenya. Akatuangalia mmoja mmoja, na tabasamu lake lile lile.

"Hivi kuna mtu alikuwa ananichekesha. Alikuwa nani?"

"Daktari, mwanangu," Mama akajibu, sauti tamu kabisa.

"Ahaa." Akanigeukia mimi. "Eti kweli, Twaha?"

Mama akanikazia macho. Nikavaa ndala zangu, nikatoka, nikafunga mlango.