Vidole vya Mguu wa Kushoto

"Vimekunjwa," Herman alisema. "Vidole vyote vya mguu wa kushoto. Kama vile mtu kavishika kwa nguvu na hataki kuviachia."

Eva, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye kliniki moja ya Katesh, aliyasikia hayo kila Herman alipokuja. Vidonge vilishindwa. Leo alitoa kimashine kidogo kama redio ya mfukoni, chenye nyaya na vipande vya kunata.

Herman kuziona nyaya, akarudi nyuma kwenye kiti. Umeme alishakutana nao. Mwanzoni mwa masika, kule kwao Gitting, alikuwa anasimamisha bomba la chuma kwa jirani, likagusa waya. Alipozinduka yuko hospitali, na vidole vinamuuma hivyo hivyo. Mpaka sasa wanavuna mahindi, hajalala usingizi wa maana.

"Ni betri tu, baba, kama ya tochi. Hata panya haimuui."

"Mimi si panya."

Alitamani mke wake angekuwepo. Lakini Efrazia alikataa kuja. Asubuhi alichukua jembe, akasema ana kazi nyuma ya zizi, na kazi hiyo haingoji mashine ya mtu.

Eva akamvua kiatu, akapandisha suruali, akabandika vile vipande kwenye mguu wa kulia.

Herman akamdaka mkono. "Binti, huo ni mguu mzima."

"Najua, baba. Ndio tunaoanzia."

"Huo ndio unaonilimia. Umeme ukiuharibu na huo, wanangu watakula nini?"

Eva akamweleza taratibu kwamba mishipa ya miguu yote hukutana mgongoni, ukiutuliza mmoja na mwenzake huweza kutulia. Herman hakusikia. Alifumba macho, jasho linamtoka, anasali kwa Kiiraqw.

Halafu akafumbua macho. Mabega yakashuka.

"Vinanyooka," akanong'ona. "Kimoja kimoja. Asante, binti. Mungu akubariki."

Eva akakitazama kimashine. Kilikuwa bado hakijawashwa.

Simu ya Herman ikaita. Alikuwa bado anajipangusa jasho, kwa hiyo Eva akaipokea, akaweka sauti kubwa. Alikuwa Efrazia, anahema.

"Baba Judica, tumeufukua mguu wako uliokatwa. Boksi lilikuwa fupi, waliouzika wakavikunja vidole ili uenee. Nimevinyoosha sasa hivi, kimoja kimoja."