Matairi Baridi

Walimwengu, tegeni masikio! Leo Kimbunga, malkia mtarajiwa wa mbio za magari, ameyapasha matairi moto kwa ustadi usio na kifani. Hivyo ndivyo alivyomtangazia mjomba wake, fundi wa gari, kwenye redio. Ukweli ni kwamba katika mzunguko wa kuyapasha kabla ya mbio, badala ya kuyumbisha gari huku na kule ili mpira ulainike na kung'ang'ania lami, alikuwa akiwapungia mashabiki mkono.

Sasa mbio zimeanza, na kona ya kwanza hiyo inakuja, na kando ya njia mbao tatu za kuonyesha umbali uliobaki.

"Usifunge breki mpaka ubao wa mwisho, mwanangu," mjomba akasema. "Matairi ya moto hayakuangushi."

Ubao wa kwanza ukapita. Akifunga mapema, mjomba atajua kadanganywa. Akichelewa, ukuta ule mbele utampokea kwa mikono miwili.

Wayo wake wa kulia ukaelea juu ya breki.

Ubao wa pili. Akakanyaga.

Magurudumu yakagoma kuzunguka, gari likateleza kama sabuni bafuni. Akalegeza mguu, akakanyaga tena polepole, akalegeza, mpaka pua ya gari ikakubali kugeuka. Magari matatu yakampita.

Redio ikakwaruza.

"Kimbunga."

"Naam, mjomba."

"Matairi ya moto hayatelezi hivyo."

"Yalikuwa baridi, mjomba. Nilikuwa nawapungia watu mkono." Akameza mate. "Hata wewe nilikupungia, ukanipungia."