Jua Likizama Makobola

Sufuria ilianguka mara ya tatu mbele ya bandari ya Kalundu, na Émérance akacheka hadi akashindwa kukaa sawa kwenye portbagaji ya baiskeli, nyuma ya Thaddée.

"Weye kanyaga!" alisema huku anajishika mbavu. "Tukiokota kila kitu, Octave atatukuta hapa hapa."

Thaddée alirudi kuiokota hata hivyo. Bila sufuria hakuna bugali, na bila bugali hakuna ndoa. Desturi ya kwao ilikuwa wazi: mwanamke akitoroka na mwanaume, akampikia kwenye moto wao wawili, jua likazama kabla mtu wa nyumbani hajamshika mkono, basi ameolewa. Wazee wanabaki na kazi ya kuongea tu. Akishikwa mapema, anarudi. Na Octave alikwisha kuapa kanisani kwamba hataletewa aibu ndani ya nyumba yake: akimkamata Émérance, kesho yake anampeleka Lemera, kule mlimani kwa ndugu yake Libérat, mbali na kila baiskeli.

"Kongo nzima imejitawala wiki jana," Émérance alisema. "Minye tu nibaki koloni ya Octave?"

Wakaendelea na barabara ya ziwa. Baiskeli ilibeba watu wawili, mkeka, blanketi, unga wa muhogo na furushi moja kubwa la kitambaa ambalo Thaddée hakutaka liguswe. Kwenye kila kilima Thaddée alishuka akasukuma baiskeli, na Émérance akashuka akamsukuma Thaddée. Watu wa njiani walikuwa bado na furaha ya sikukuu. Walipiga kelele, "Uhuru! Uhuru!" Émérance aliwapungia mkono kama vile wote walitoka nyumbani kwa ajili yake.

Kigongo walimkuta Charlotte, mwenzake Émérance wa kwaya, anaanika samaki wadogo wa ndagala juu ya mchanga. Charlotte aliacha ndagala zote.

"Émérance! Yesu wangu! Octave anajua?"

"Angejua, ningekuwa hapa?"

"Aibu!" Charlotte alisema, lakini meno yote yalikuwa nje. "Na akija kuniuliza? Minye ni shemasi, siwezi kudanganya."

"Basi usituone."

Charlotte akageukia mlima, akajifunika uso kwa kitenge. Halafu, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma na mikeke miwili, samaki wabichi wa asubuhi.

"Mutu ambaye sijamuona," alisema, "achukue hii."

Walifika Makobola saa kumi, magoti yote manne yanalia. Manirakiza, mkuu wa wavuvi, alikuwa anashona wavu wake ufukweni. Waliomba nafasi ya kulala.

"Nafasi iko," alisema. "Nyumba ndiyo sioni."

Thaddée akafungua furushi. Aliwahi kuona mahema ya Wazungu kando ya ziwa, na kwa sababu alikuwa fundi wa kushona, alijishonea lake: kitambaa kizito, mshono mara mbili, mifuko miwili ndani, na mlangoni vifungo saba vikubwa vya koti.

Hema liliposimama, Manirakiza alilizunguka mara mbili. "Hii ni nyumba ao ni koti?"

"Ni koti ya watu wawili," Thaddée alimjibu, na Émérance akalazimika kukaa chini kwa kucheka.

Moto ukawaka. Bugali ikaiva. Émérance alimtolea Thaddée mifupa ya samaki, mmoja mmoja, kwa subira, akamwekea nyama tupu pembeni mwa sahani. Thaddée alikula polepole huku ameangalia milima. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja tu juu yake.

Ndipo ikasikika kengele ya baiskeli.

"Octave!" Émérance alisema.

Octave alikuja na jasho hadi kwenye tai. "Kicheko chako nimekisikia tangu daraja!" alipaza sauti. "Toka hapo! Nipe mukono!"

Émérance akaingia hemani kwa magoti, na Thaddée, kwa vidole vya kazi yake, akafunga vifungo vyote saba kabla Octave hajashuka kwenye baiskeli. Octave akaanza kuvifungua. Lakini Thaddée alikuwa ametoboa matundu madogo kabisa, ya fundi mwenye sifa, na vidole vya Octave vilikuwa vinene na vyenye jasho. Kifungo cha kwanza. Cha pili. Ndani ya hema mtu alikuwa anacheka na kwikwi. Cha saba kilipotoka, Octave aliingiza mkono, akashika kiganja.

"Nimekukamata!"

"Jua limezama!" Émérance alijibu.

"Bado! Tazama ng'ambo, milima ya Burundi yote inawaka!"

Kweli, upande ule wa ziwa milima ilikuwa bado myekundu kwa jua, na upande huu kivuli kilikwisha kufika majini. Wote watatu wakamgeukia Manirakiza. Mzee yule aliweka sindano ya wavu chini, akatazama mlima, akatazama ziwa. Hakuwa na haraka.

"Jua la Burundi, waulizeni Warundi," alisema. "La Makobola limeingia nyuma ya mulima tangu kifungo cha tano."

Thaddée akapiga makofi, akaanza kucheza peke yake kuzunguka moto. Octave aliachia kile kiganja. Alikaa kwenye mchanga, akavua kofia, akajipepea kwa muda mrefu, na mwishowe hata yeye mdomo ulimshinda, akatabasamu.

"Sawa, mama," alisema. "Lakini wajukuu zako wote kumi na mbili wanakungojea mulangoni. Niwaambie nini?"

Émérance alitoa kichwa chake cheupe kati ya vifungo.

"Waambie nyanya yao ametoroshwa."