Lami Mzingani

Kijana mgeni aliingia uani kwa Zamda bila hodi, ameshika kichupa kitupu.

"Mama, dawa yako ya gundi ya nyuki. Dada yangu kaipaka kidondani, kimevimba."

Zamda alinusa kichupa, akainamisha macho. Barabara ilipotiwa lami, nyuki wake waliibeba lami hiyo wakazibia nyufa za mizinga badala ya utomvu wa miti. Harufu aliisikia tangu mwanzo, na bado akauza.

"Ina lami," alisema. "Nilijua."

"Kumbe umempaka barabara!"

Aibu ilimchoma Zamda kuliko mwiba wa nyuki. "Mpeleke zahanati leo hii. Nami nitakupa gundi safi. Naahidi."

Safi ilibaki katika mzinga mmoja tu, ule wa bondeni, mbali na barabara, uliokuwa ukimpa asali. Humo nyuki walikuwa wamemfunika kwa gundi mjusi aliyekufa, akakauka bila kuoza. Gundi ikikwanguliwa, nyufa zingebaki wazi, na siafu walikwisha kuanza kupanda mti uliotundikwa mzinga.

Zamda alikwangua mpaka kiganja kikajaa, akamkabidhi kijana, naye akaondoka bila kuaga.

Nyuki walitoka mzingani wakatanda juu ya kilemba cha Zamda, wakivuma, hawajaamua bado pa kwenda.